Shibe ya Uongo Kwenye Sinia Letu

Mimi ni mtu wa ndani. Nalisema mapema, msomaji asije akatafuta ushujaa humu. Cherehani yangu iko chumba cha mbele, Magomeni, karibu na dirisha, na kutoka kwenye kiti hicho hadi jikoni ni hatua kumi na moja. Hizo ndizo safari zangu. Mtu wa mjini ni mke wangu. Kila asubuhi alikuwa anabeba madera niliyoshona, anakwenda kuyauza Kariakoo, na alasiri anarudi na vitambaa vipya na habari za watu. Mimi nashona, napika, nasikiliza. Mama mmoja tunayepanga naye nyumba hii, chumba cha uani, kila akipita na ndoo yake hunisalimia, "Mambo, bi mkubwa?" Namjibu poa. Nilishazoea.

Kupika najua, na hapo sijishushi. Elimu yangu iliishia kidato cha nne, na cheti chenyewe hakionyeshwi kwa wageni, lakini wali wangu wa nazi unachambuka punje kwa punje. Tulikuwa tunakula kwenye sinia moja, mimi na yeye, tangu tuoane. Watoto walikuwa wanajazana pembeni, kisha wakakua, wakaenda kwao, tukabaki wawili na sinia lilelile. Wali katikati, mchuzi juu, kila mtu anachota upande wake. Uzuri wa sinia ni kwamba hakuna anayemhesabia mwenzake matonge. Ubaya wake, nilikuja kujua kwa kuchelewa, ni huohuo.

Kwa miezi mingi sinia lilikuwa linarudi jikoni likiwa jeupe. Nikijitazama nilikuwa nanenepa. Nikimtazama mke wangu naye tumbo lilikuwa linakuja, linasukuma dera mbele. Nikajipa maksi. Watu wakipita barazani wanasema, "Fundi, mke unamtunza," nami nainamia cherehani kwa unyenyekevu wa uongo, mguu unakanyaga pedali kwa raha. Siku moja alipita Mnazi Mmoja, kwa yule mzee mwenye mizani ya kupimia wapita njia, akarudi akaniambia uzito umepanda. Aliniambia bila kucheka. Nikacheka mimi kwa niaba ya wote wawili.

Dera ni nguo ya ajabu. Mimi ndiye niliyemshonea yake yote, kwa hiyo lawama hizi nazichukua kamili. Halina kipimo. Unakata kitambaa kipana, unashona pembeni, unaacha tundu la kichwa, basi. Mwili wowote unaingia na unaweza kubadilika humo ndani bila fundi kupata taarifa. Mke wangu alikuwa anakwisha mikono na mabega ndani ya nguo zangu, mbele ya macho yangu, na mimi nilichoona ni tumbo.

Akaanza kuchoka. Alikuwa mtu wa kurudi na maneno mengi. Akawa anarudi, anavua viatu, analala. Nikimwita chakulani anakuja, anakaa, anamega, anazungusha vidole kwenye wali.

"Mbona huli?"

"Nakula."

"Hivi ndivyo kula?"

"Nilikula Kariakoo, baba watoto. Nimeshiba."

Sasa hilo likaniuma. Mtu mwingine angewaza ugonjwa. Mimi nikawaza mama lishe. Nilijua yupo mmoja anayepika kwenye uchochoro nyuma ya meza ya mke wangu, na sifa za pilau yake zilishafika hadi Magomeni. Nikaona hii ni vita. Nikatoa silaha yangu kubwa, papa mkavu, yule wa chumvi kali, ninayemloweka kidogo tu ili asipoteze ukali, nikampika kwa nazi na ukwaju. Kwetu, mtu akikosa hamu ya kula, dawa ni papa. Mama yangu alinipa papa nilipougua surua, na mama yake mke wangu alimpa papa kila alipokuwa na mimba. Nikapika papa Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Kweli alikuwa anaonja mchuzi, anaramba vidole, anasema umekolea. Mimi moyoni nasema, mama lishe, umeonja cha moto.

Miguu yake ikaanza kuvimba. Viatu vikawa havipiti. Jirani wa uani akasema ni kusimama sana. Mimi nikasema ni joto. Macho yake yalikuwa na umanjano kidogo, nikabadilisha taa ya chumbani.

Siku niliyotoka ndani, nilitoka kwa wivu. Nakiri. Nilisubiri aende kazini, nikafunga cherehani, nikapanda mwendokasi, nikashuka Gerezani, na kutoka pale nikatembea na jua la saa sita nikiulizana na nafsi yangu kama mzee mzima anaweza kukamatwa kwa kosa la kuchunguza pilau. Kariakoo ilinipokea kama inavyompokea kila mtu wa ndani. Nilikanyagwa, nikaitwa "boss" na watu wanaoniuzia soksi, nikapotea mara mbili. Hatimaye nikauona uchochoro. Mke wangu hakuwepo mezani, alikwenda kuswali. Nikamwendea mama lishe, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha masufuria, nikajitambulisha.

"Kumbe shemeji! Yule fundi asiyetoka nje?" Akawageukia wateja wake. "Mnaona? Yupo kweli. Tulidhani mwenzetu anatudanganya."

Wakacheka. Nikacheka nao, nikauliza nilichokijia: mke wangu anakula nini hapa, maana nyumbani hali.

Akaacha kucheka. Akafunika sufuria.

"Shemeji, hapa pia hali. Anaagiza sahani kila siku ili watu wasimuulize. Anakaa nayo. Akionja vijiko viwili anamwita yule mzee wa mkokoteni, anampa. Mimi nilidhani anakula kwako. Kila nikimwuliza anasema mume wangu anapika sana, nimeshiba kutoka nyumbani."

Nilisimama pale na wivu wangu wote, sina pa kuupeleka. Wapishi wawili tulikuwa tunaoneana gere kwa mtu ambaye hakula kwa yeyote kati yetu. Mke wangu alipotokea na kuniona, hakuuliza nimefuata nini. Aliketi juu ya robota la vitambaa, akasema, "Nipeleke nyumbani." Nikajua jambo ni kubwa. Mwanamke yule hajawahi kuniomba nimpeleke popote, kwa sababu anajua nitapotea.

Hospitali tulikwenda asubuhi iliyofuata. Daktari alikuwa binti wa umri wa mtoto wetu wa pili. Alitusalimia "Shikamoo baba, shikamoo mama," tukaitika marahaba, na hiyo ikawa heshima ya mwisho niliyoipata siku ile. Baada ya vipimo vingi na siku kadhaa za kwenda na kurudi, alitukalisha akatueleza polepole. Virusi vya homa ya ini, aina ya B, vilikuwa vimekaa mwilini mwa mke wangu miaka mingi bila kelele. Ini limejaa makovu. Damu haipiti humo vizuri, ndiyo maana maji yanavuja na kujaa tumboni na miguuni. Ule uzito uliopanda Mnazi Mmoja ulikuwa maji.

Akaniuliza, "Baba, nyumbani anakula nini hasa?"

Mjinga haachi kuringa hata hospitalini. Nikamtajia. Nilipofika kwa papa, nikaeleza na jinsi ya kumloweka kidogo tu.

Akaweka kalamu chini. "Huyo papa ana chumvi kiasi gani?"

"Ndiyo kazi yake, daktari."

"Chumvi inashika maji mwilini, baba."

Mke wangu akanigusa goti. "Usimlaumu," alimwambia daktari. "Huyu alikuwa anashindana na mtu."

Tukacheka, watu watatu, mmoja wetu kwa shida. Kisha muuguzi akaja na futi ya kupimia, akamwomba mke wangu avue dera begani, akauzungushia mkono wake wa juu. Mimi ni fundi. Nilishona blauzi yake ya harusi ya binti yetu, mkono ule naujua kwa inchi. Nilimwomba muuguzi anipe futi nipime mwenyewe, akanipa, labda kwa huruma. Nikapima mara mbili. Kwenye blauzi ile niliyoishona miaka michache nyuma, mikono yake yote miwili ingeweza kuingia tundu moja la mkono.

Daktari aliliona hilo usoni mwangu, akasema bila kuzunguka: "Mwili ukikosa chakula na ini likishindwa kuweka akiba, unakula nyama yake wenyewe. Hiyo mikono ndiyo inayoliwa. Dawa za virusi tutampa, za kutoa maji tutampa. Lakini asipokula, hatakuwa na nguvu ya kuzisubiri zifanye kazi. Unanielewa, baba?"

Nilimwelewa. Ila swali langu lilikuwa la mpishi. "Kwa nini hali? Kitu gani kimemziba?"

Hapo ndipo nilipolisikia neno leptini. Daktari alisema tumbo lililojaa maji linalibana tumbo la chakula, hiyo ni sababu moja, na ugonjwa wenyewe unachosha na kutia kichefuchefu. Lakini ipo na homoni inayotengenezwa na mafuta ya mwili, inakwenda na damu hadi kwenye ubongo kusema, akiba ipo, punguza kula. Kwa mtu mzima wa afya, mafuta yakipungua na yenyewe inapungua, njaa inarudi. Kwa baadhi ya wagonjwa wa ini hesabu hiyo inavurugika. Mafuta yanaisha, lakini homoni inabaki juu, inaendelea kuuambia ubongo kwamba kuna akiba. Wengine wanadhani homoni hiyohiyo inachangia hata kuyakomaza makovu ya ini. Yeye na wenzake walikuwa wanaichunguza, akaomba kichupa kimoja zaidi cha damu, asubuhi, kabla hajala kitu.

"Kabla hajala?" mke wangu akasema. "Hilo, mwanangu, halina shida. Njoo saa yoyote."

"Na mkishaipima," nikauliza, "mna dawa ya kuishusha?"

"Hapana, baba. Sitaki kukudanganya. Bado tunabishana hata maana yake. Kipimo hiki hakitabadilisha dawa zake leo."

Nilimpenda kwa jibu hilo. Nimezeeka nikisikiliza watu wenye majibu.

Majibu yalikuja wiki kadhaa baadaye, siku ya kliniki. Tumbo lilikuwa limepungua, walishalitoa maji kwa sindano, na bila yale maji mke wangu alionekana alivyo, mwembamba kama fito. Daktari akafungua karatasi. Leptini yake ilikuwa juu kuliko ilivyotarajiwa kwa mtu mwenye mafuta kidogo vile. "Haikupi majibu yote," akaniambia, "lakini anaposema ameshiba, haongei uongo. Anasikia shibe kweli. Shibe ndiyo ya uongo. Kwa hiyo msisubiri njaa. Njaa yake haiaminiki. Ale kwa saa. Kidogo kidogo, mara nyingi, na kitu kabla ya kulala ili usiku mwili usijile. Mayai, maharage, samaki mbichi, bila chumvi. Na wewe, baba, nataka kila ukija uniambie amekula kiasi gani. Usiniambie 'amekula kidogo.' Kiasi."

Tulipokaribia nyumbani, mke wangu akanigeukia. Kisha akasema, "Miezi yote ile nilikuwa najiona nina dharau. Mtu anasimama jikoni mchana kutwa, mimi siwezi kumeza. Nikawa nakusukumia upande wako."

"Nilikuwa nakula mimi."

"Ulikuwa unakula wewe. Ulikuwa unakula vizuri sana."

Sasa nifikie kosa langu kubwa, maana papa alikuwa kosa la ujinga tu, na hili nililifanya nikiwa nimeshaelimishwa.

Kiasi, daktari alisema. Nikawaza kama fundi. Sinia halina kipimo, kama dera. Basi mchana ule nikatoa sahani mbili, zile za maua tulizowawekea wageni. Nikampimia maharage ya nazi vijiko sita, wali ngumi moja, yai nusu. Nikamwekea mbele yake. Nikachukua sahani yangu, nikakaa upande wa pili wa mkeka.

Aliitazama sahani. Akaitazama yangu. Akauliza kwa sauti ndogo, "Tangu lini?"

"Tangu leo. Daktari kasema..."

"Daktari alisema ugonjwa hauambukizi kwa kula pamoja. Nilimsikia. Na wewe ulipimwa, huna, ukachomwa na chanjo. Sasa unaniogopa nini?"

Uswahilini hakuna haja ya kumweleza mtu maana ya kutengewa sahani. Wagomvi hutengewa. Wagonjwa ambao watu wanawaogopa hutengewa, na kikombe chao hutiwa alama. Shangazi yake alikufa kwa kifua kikuu akiwa na kikombe chake, kijiko chake, na pembe yake ya baraza, na mke wangu alikuwa mtoto aliyekuwa anatumwa kumpelekea. Hayo nilikuwa nayajua. Aliniambia mwenyewe, zamani. Lakini kichwa changu kilikuwa kimejaa vijiko.

Alilia bila sauti, kisha akalala akielekea ukutani. Hakula mchana ule, wala jioni. Hata yale mayai ya kabla ya kulala yalibaki kwenye kibakuli. Mimi niliyepewa kazi moja tu, ya kuhakikisha anakula, nilikuwa nimefanikiwa kumnyima siku nzima. Jirani wa uani, alipoziona sahani mbili zinaoshwa, akaniita pembeni. Nikamsubiri anitanie. Akasema tu, "Baba, hivyo usifanye." Akachukua ndoo yake akaenda zake.

Asubuhi niliamka na uchovu wa mtu aliyebeba magunia. Nilimpikia uji wa ulezi, akanywa nusu kikombe kwa sababu ya adabu. Nikakaa kwenye cherehani sishoni. Adhuhuri ilipokaribia nikaingia jikoni, nikateremsha sinia. Nikapakua wali katikati. Kisha nikatoa chaki yangu ya fundi, nikaitazama, nikaona huu sasa ni wazimu, nikairudisha. Nikatumia ubavu wa mwiko, nikachora mfereji katikati ya wali, kutoka ukingo hadi ukingo. Upande mmoja nikaacha kile kipimo chake, wali ngumi moja, nikauwekea maharage vijiko sita na yai nusu. Upande wa pili nikaweka changu, nikatia chumvi yangu mwenyewe.

Nikaleta, nikaweka kati yetu, tukanawa maji ya birika moja.

"Hii nini?" akauliza.

"Mpaka."

"Wa nini?"

"Wa kunizuia mimi. Ule wako ukipungua, nijue ni wewe. Miaka yote nimekuwa nakula hadi kwako."

Aliutazama mfereji. Mchuzi ulikuwa umeanza kuupita, upande wangu ukivamia wake. Akaunyosha kwa kidole.

"Umeshaanza," akasema. "Hata dakika haijapita."

Akamega. Nikafanya kama sioni, kazi ngumu kwa mtu anayehesabu. Tonge la kwanza. La pili. Yai kidogo. La tatu alikaa nalo mdomoni muda mrefu, akitazama mlango.

"Maharage hayana ladha," akasema.

"Hayana chumvi."

"Sijasema chumvi. Nimesema hayana ladha. Weka ndimu. Weka kitunguu kingi. Mpishi gani wewe, papa akiondoka na akili imeondoka?"

Nikainuka kuleta ndimu. Zile hatua kumi na moja za jikoni siku ile nilizipita kwa sita. Nilirudi nikakamua. Akala tonge la nne, la tano. Kisha akafuta vidole.

"Nimeshiba," akasema. Halafu, kabla sijafungua mdomo: "Najua. Nimeshiba shibe ya uongo. Nipumzike kidogo, niendelee nayo hiyohiyo."

Akalala pale mkekani, mkono chini ya kichwa, sinia likiwa kati yetu. Mimi nikabaki nimekaa. Nilikuwa nimemaliza upande wangu na bado nilikuwa na njaa, njaa ya kweli kabisa, ile ya mwenye afya isiyo na aibu. Upande wake ulikuwa umebaki zaidi ya nusu. Inzi akaja, nikampunga. Nje watoto wa shule walikuwa wanapita na makelele yao. Nikachukua kawa nikafunika upande wake peke yake, jambo gumu kwa sinia la duara, na nikakaa kulishikilia ili lisiteleze, nikimsikiliza anavyopumua, mpaka aamke ale.